Manjano Yaliyotoka kwa Sabuni

Mama Vifungo hakuwa mtu wa kukaa bure, hilo mtaa mzima ulilijua. Jina lenyewe alipewa kwa sababu matundu ya vifungo aliyashona kwa mkono, moja moja, hata baada ya baridi yabisi kumvimbisha vidole vikawa kama mizizi ya tangawizi. Kila asubuhi alilowesha mikono kwenye maji ya vuguvugu nusu saa nzima ndipo aweze kushika sindano. Mwanamke yule alikuwa na moyo, jamani!

Hospitali walipotangaza utafiti wa manjano, alikuwa wa kwanza mlangoni. Daktari akamweleza vizuri: aendelee na dawa zake kama kawaida, na kila siku aongeze kapsuli mbili. Nusu ya wagonjwa wangepewa kiini cha manjano kinachodhaniwa kupunguza uvimbe, nusu unga mtupu uliotiwa rangi. Nani kapewa nini, hata daktari mwenyewe hakujua.

"Na usitumie manjano mengine nyumbani, mama."

"Mimi tena!"

Wiki ya tatu udadisi ukamzidi. Akafungua kapsuli moja, akapaka unga wake kwenye kipande cha kitambaa cheupe, akakifua kwa sabuni. Rangi yote ikatoka. Lo! Fundi aliyeshona nguo miaka thelathini hadanganyiki: manjano ya kweli yakishika nguo nyeupe, nguo hiyo imeharibika, doa halitoki kwa sabuni yoyote. Kumbe alikuwa akimeza unga!

Iliuma. Yeye alitaka vidole vyake, basi. Akanunua manjano sokoni, akawa anayakoroga kwenye maziwa kila asubuhi, na zile kapsuli akaendelea kuzimeza kimyakimya. Wiki ya nane akaweza kukunja ngumi. Hakuamini, alimkunjia mdogo wake ngumi puani mpaka yule akarudi nyuma akicheka.

Siku ya kupimwa, daktari aliushika mkono wake, akaugeuza, akaupima tena, kisha akatabasamu na kuchukua kalamu. Hapo ndipo pa kumvulia kofia Mama Vifungo. Angenyamaza, nani angejua? Angeendelea kuonwa na daktari bingwa wa viungo kila mwezi kupitia utafiti huo, nafasi ambayo wengine waliingoja mwaka mzima.

"Daktari, usiandike kwanza." Akatoboa yote.

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, ungenyamaza tungeandika kwamba unga unatibu."

"Ndiyo maana nimesema. Kuna wenzangu wanalisubiri hilo jibu."

"Itabidi nikutoe kwenye utafiti."

"Nitoe."

"Na hivyo vidole, siwezi kukwambia kama ni manjano au ni dawa zako za siku zote."

Hilo ndilo lililomtoa machozi. Akajifuta kwa kiganja, akauliza utafiti mwingine utaanza lini.

"Mkinipokea tena, kapsuli zangu zikae hapahapa," alisema. "Nitakuwa nakuja kila siku kuzimeza mbele ya nesi. Mimi mwenyewe sijiamini."