Duka la Myahudi Kichochoroni Kwetu

Wiki iliyopita mwanangu alinipitisha kwa gari Maskati ya zamani, barabara ikatupeleka pale pale lilipokuwa duka la Myahudi. Yeye sikumwambia. Wewe nitakwambia.

Tulitoka Unguja nna miaka minane, tukarudi Maskati kwenye nyumba aliyozaliwa bibi, mama yake baba. Ng'ambo ya kichochoro mzee Myahudi, wa mwisho wa ukoo wake kubaki Maskati, akiuza uzi, marashi na iliki. Bibi akinituma kwake asubuhi, narudi mikono inanukia. Watoto wa mtaani walikicheka Kiarabu chetu. Walizoea kutema mate mlangoni mwa yule mzee. Nami nikatema, ili wanichukue kwenye michezo yao. Aliniona. Kesho yake alinipimia iliki kama kawaida.

Nilipotimiza miaka kumi na mbili wakaja wapimaji wa barabara. Kichochoro kilikuwa chembamba, lazima upande mmoja uvunjwe, wetu au wake. Baba Kiarabu hakikumkaa vizuri, akaniita nimtafsirie.

"Waambie wavunje la Myahudi. Yule hana mtu."

Nikayasema kwa Kiarabu safi, najiona mkubwa. Mpimaji akachora mstari wake. Bibi alikuwa jikoni akichambua mchele, hakuna aliyemuuliza.

Siku ya kuondoka mzee alikuja mlangoni kwetu na sanduku moja. Alikuwa anakwenda Bombay kwa watoto wa nduguye. Akamwita bibi "ukhti", dada yangu. Bibi akatoka, akalia mbele za watu, na mzee akanishika kichwa akaniombea dua kabla ya kwenda zake.

Baba alimuuliza mamake maana ya vile vilio.

"Mama yangu alikufa siku ya tatu baada ya kunizaa," bibi alisema. "Alieninyonyesha ni mama yake yule. Yule ni ndugu yangu wa kunyonya, mjomba wako."

Baba akauliza kwa nini hakusema siku zote.

"Nliona haya. Watu wangesemaje?"

Mimi nilikwenda nikajifungia chooni.

Nyumba yetu nayo ilivunjwa miaka michache baadaye. Kichochoro kizima hakipo, wala harufu yake. Baba na bibi wamekufa. Nnapowahesabia watoto wangu jamaa zetu wa Unguja, wa Mombasa na wa Dubai, nikifika Bombay naruka.