Kunyata Nyuma ya Shangazi

Mdogo wangu alipopata kazi Mwanza aliacha mashine yake ya gemu sebuleni kwetu, Ipuli, ikiwa na gemu moja tu ndani. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, nashona sare za shule nyumbani, na sikuwahi kushika pedi ya kuchezea gemu maishani. Nilianza mchana mmoja kwa kuchoka tu, mama akiwa amerudi dukani baada ya adhuhuri.

Lilikuwa gemu la mwanamke fundi wa kuezeka mapaa. Liwali wa mji amemfunga dada wa huyo fundi, na ili amwachie, anamtaka fundi amuulie maadui zake mmoja mmoja. Mwanamke hataki. Unamwongoza anyate juu ya mapaa, ajibanze nyuma ya mapazia, apite migongoni mwa walinzi. Ukimfikisha kwa mtu wake ukabonyeza kitufe cha kisu, anatikisa kichwa. Ukibonyeza tena, ndipo anatii. Ukipenda, unaweza kumnywesha yule mtu dawa ya usingizi, ukamfungia kabatini, ukaenda zako.

"Dada, raha ya hilo gemu ni kulimaliza bila kuua hata mmoja," mdogo wangu aliniambia kwenye simu.

"Mimi nawaua wote."

Akacheka. Hakujua kwamba kila niliyemfikia nilimpa sura ya shangazi yetu.

Shangazi, dada wa marehemu baba, alikuwa akiishi Ziba. Miaka kumi na moja kabla ya hapo nilikuwa nimechumbiwa na kijana wa jamaa zetu waliohamia Muscat. Wiki mbili kabla ya nikahi, mama yake akapiga simu: wamesikia nina kifafa. Kweli niliwahi kuanguka na kutetemeka, nikiwa na miaka sita, nina malaria kali, na niliangukia mikononi mwa shangazi. Hakuna mwingine aliyeona. Wenye kifafa wanaolewa na kuzaa kama watu wengine, lakini mimi sikuwa nacho, na wale hawakutaka hata kuona cheti cha hospitali. Mama alikataa kuamini kwamba wifi yake angeweza kusema hivyo. Basi nikabaki nyumbani. Nikamuuguza bibi, mama yake shangazi, aliyekuwa amepooza, miaka sita mpaka alipofariki.

Nilikuwa katikati ya gemu shangazi alipoletwa kwetu kutoka hospitali. Jicho lake moja lilikuwa limekufa zamani. La pili lilikuwa limetoka kupasuliwa mtoto wa jicho, na kwa kuwa kidonda kilikuwa kinatoa maji, daktari aliagiza bandeji ikae wiki nzima. Mama yuko dukani. Wa kumlisha, kumtia dawa na kumshika mkono kwenda msalani ni mimi.

Siku ya kwanza niliingia chumbani kwake pekupeku. Yule fundi wa mapaa alikuwa amenifundisha: tanguliza ukingo wa unyayo, uzito ufuate, na usogee pale tu penye kelele nyingine. Pikipiki ikipita barabarani, nami napiga hatua. Nikasimama karibu naye kiasi cha kumgusa. Alipoweka tasbihi yake kulia, nikaihamishia kushoto. Akapapasa mkeka.

"Nani?"

Sikupumua. Raha niliyoisikia ilinipanda mpaka kwenye meno.

Siku ya pili nilihamisha ndara moja. Ya tatu, bilauri. Jioni akamwambia mama, "Wifi, nyumba yenu ina kitu." Mama akafukiza ubani vyumba vyote.

Siku ya nne niliisogeza chupa ya chai mpaka ukingoni mwa stuli, nikalegeza kifuniko. Sitasema sikujua kitakachotokea. Aliipapasa, ikaanguka, chai ya moto ikamwagika juu ya mguu wake. Akapiga kelele. Mimi nimesimama pale pale mlangoni, natazama.

Alipotulia akasema, "Nimekujua. Unanuka mafuta ya cherehani. Niletee maji baridi."

Nikaleta beseni, nikautia mguu wake majini, nikaendelea kushika kifundo.

"Kwa nini uliwaambia nina kifafa?"

Alijaribu kuuvuta mguu, sikuuachia. Kisha akasema, "Mama yangu alikuwa hajiwezi. Ungekwenda Muscat, nani angemgeuza kitandani? Mama yako dukani, mimi Ziba na wanangu. Nilikuwa na wewe tu."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ningekataa," nikasema. "Leo mama akirudi utamwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Usipomwambia, kuanzia kesho hutajua kilichomo kwenye kikombe chako." Nilisema kwa upole, kama ninavyomwambia mteja aje Ijumaa.

Alimwambia. Mama alisikiliza wima, kikapu bado kiko mkononi. Akauliza mara moja tu, "Wifi, miaka yote hii?" Kisha akatoka uani kumpigia simu mtoto mkubwa wa shangazi. Kesho yake asubuhi gari la kumrudisha Ziba lilikuwa mlangoni.

Wiki iliyofuata nilimaliza gemu. Liwali naye nilimuua, ingawa dada wa yule fundi alikuwa ameshafunguliwa.

Mwaka jana nilipata kazi ya sare za shule moja ya Ziba, nikazipeleka mwenyewe. Njia ilipita mbele ya nyumba yake. Alikuwa barazani akichambua mchele, anaokota kijiwe kimoja kimoja. Jicho lilikuwa limepona kabisa. Akaniona kabla sijafika, akaniita kwa jina nililoitwa nikiwa mdogo, akasogea kunipa nafasi mkekani.

Sikumpa hata shikamoo. Nilipita nikimtazama usoni, taratibu, nikakabidhi mzigo wangu shuleni, na nilipotoka nikarudi kwa njia ile ile ili anione tena.