Tiara ya Nyuzi Nne

Kuna mlio mmoja ambao hadi leo hunisimamisha njiani: turubai la mama ntilie likipigwa na upepo, prrrr, kama linataka kung'oka. Nikiusikia tu, naiona tiara yetu. Ilikuwa ya nailoni nyekundu, pana kama mkeka wa kuswalia, na ilikuwa na nyuzi nne.

Aliileta mjomba wangu, mpishi wa meli, aliyeachiwa na mzungu mmoja. Yeye mwenyewe hakuwahi kuirusha. Aliwaona tu wazungu wakiirusha ufukweni, kwa mbali, akiwa na mwiko mkononi, lakini hilo halikumzuia kuwa mwalimu. "Hii hairushwi kwa kukimbia," alituambia. "Kila uzi una kazi yake." Kesho yake akarudi melini.

Sasa fikirieni wenyewe. Kijijini kwetu, karibu na pale Ruvuma inapoingia baharini, korosho ziliokotwa na wengi, mihogo ikamenywa na wengi, na bibi hakuchoka kutukumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Nyuzi nne, basi watu wanne! Hata hatukubishana. Za juu zikashikwa na Somoe, binti wa mama mkubwa ambaye nilimwita dada, pamoja na Hassani wa jirani. Za chini tukashika mimi na Huseni, pacha wa Hassani.

Somoe ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, kwa hiyo ndiye aliyepiga kelele. "Juu vuteni! Chini legezeni!" Tiara ilipaa, ikazunguka kama imerogwa, ikajichoma mchangani kichwa chini. Tukalaumiana, mapacha wakapigana, tukaanza upya. Lakini siku zilivyokwenda tukazoeana, hadi kila mmoja akawa anajua mwenzake anataka nini kabla hajasema. Kazi yetu sisi wa chini ilikuwa breki: tukivuta, tiara iliacha mbio zake, ikasimama hewani, hata ikarudi kinyumenyume. Mimi niliiona ni kazi ya kinyonge. Roho yangu yote ilikuwa kwenye uzi wa juu.

Kusi lilipokolea, bibi akatangaza kwamba likizo hiyo Somoe angeingia unyagoni. "Ntoto wa kike atachezea matambara mpaka lini?" alisema. Mambo ya unyago sikuyajua. Nilichojua ni kwamba msichana aliyekwisha kuchezwa hakimbii tena ufukweni na watoto, na moyo uliniuma vibaya sana.

Siku ya mwisho Somoe alikuja na vijiti viwili vya mkorosho. Kila kijiti alikifunga uzi wa juu kwenye ncha moja na wa chini kwenye ncha ya pili, akanishikisha vyote, akasimama nyuma yangu na kuweka mikono yake juu ya yangu. Safari hii hakupiga kelele. Akikunja kiganja, changu nacho kilikunjika. Wanne tulikuwa tumegeuka mtu mmoja. "Kazi ya chini unaijua," aliniambia sikioni. "Ya juu usiogope tu." Kabla mikono yangu haijashika vizuri, akaitwa nyumbani.

Nikajiapiza: siku atakayotolewa unyagoni, tiara iwe juu ya njia yake, aione, ajue kwamba sijaiacha. Kila alasiri nilikwenda peke yangu kuiangusha. Mapacha walinicheka mpaka wakachoka, wakahamia kwenye mpira. Mwisho niliacha kung'ang'ania nyuzi za juu, nikaanza na ile breki niliyoidharau, na tiara ikanisikiliza.

Siku yenyewe ikafika. Ngoma zililia, vigelegele vikapaa, na Somoe akatokea aking'aa mafuta, kanga mpya imemfunika hadi machoni, kungwi wake nyuma. Nilikuwa nimesimama kando ya njia. Tiara ikapanda, ikatulia. Watu wote waliinua vichwa, hata mpiga ngoma akapoteza pigo. Somoe peke yake hakuinua.

"Dada, juu! Tazama juu!"

"Nyamaza weye!" bibi alinikemea. "Nwali haangalii juu."

Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Nikavuta za chini, nikaishusha kinyumenyume, polepole, hadi ikakaribia vichwa vya watu, nikaishikilia hapo. Bado Somoe alitazama chini. Alisimama tu ghafla, msafara wote ukasimama nyuma yake, mpaka kungwi akamgusa bega. Akapiga hatua ndefu, akaendelea. Nilidhani amejikwaa. Nilivitupa vile vijiti, na kwa siku kadhaa sikumsemesha.

Miaka ikapita, zamu yangu ya kuchezwa nayo ikafika. Nilitoka nje nimefunikwa kanga hadi machoni, na duniani kote nikaachiwa kipande kidogo cha mchanga mbele ya miguu yangu. Niliona sisimizi, nyayo, na vivuli. Mama nilimtambua kwa kivuli cha ungo wake, mjomba kwa kivuli cha kofia. Jua lilikuwa la alasiri, lilelile la siku ya Somoe, na pale njiani nikaelewa tiara yangu ilikuwa imelala wapi siku ile, nyeusi, imetulia, mbele ya vidole vya miguu yake. Dada yangu hakuwa amejikwaa. Hakutaka kuikanyaga.