Gari Lililoombewa

Sina hakika kama mimi ndiye wa kuandika habari hii. Shule yangu iliishia darasa la sita, kule milimani Kivu ya Kusini, tena mdomo wangu ndio ulioharibu mambo. Lakini wanaoisimulia wanaisimulia vibaya: huyu anamwonea aliyetoa gari, yule anamwonea mpwa wangu. Basi acha niandike.

Nilikuwa nakaa Louisville, huku Marekani, upande wa Okolona, nikipanga maboksi ghalani. Dada yangu alikuwa Columbus, Northland, akihudumia wazee. Mwanawe alicheza ule mpira wa Wamarekani, wa kubeba mikononi, katika chuo kimoja cha mbali, na kwa mpira huo alisoma bure. Sharti lilikuwa mchezaji na watu wa kwao wasipokee kitu kwa mtu yeyote wa upande wa chuo. Dada alielezwa, siwezi kusema hakuelezwa. Alielewa kwamba kinachokatazwa ni hongo. Zawadi kwetu si hongo.

Siku moja shabiki wa chuo, mzee mwenye duka la magari, alikuja kumsalimu dada, akamkuta anashuka kwenye basi pale Morse Road, mifuko mikononi, amelowa mvua chapachapa. Wiki iliyofuata akarudi na gari. Halikuwa jipya, lakini lilikuwa safi. Akamwomba asimtaje popote. Dada alinieleza kwenye simu kwamba amekutana na mtu mnyenyekevu, nami nikakubali. Kwetu anayekataa shukrani ndiye hasa hushukuriwa mbele ya watu.

Tena gari la kwanza la nyumba haliendeshwi kabla ya kuombewa. Jumapili kanisa zima likatoka hadi maegeshoni, mchungaji akaweka mkono juu ya boneti. Mjomba ndiye huisemea nyumba ya dada yake, donc nilikuwa nimesafiri kwa kazi hiyo. Nilipopewa maikrofoni nilimtaja mzee kwa jina, nikataja duka lake, chuo, hata kocha, ambaye hakuwa na habari yoyote. Nilipendezwa na sauti yangu, nakiri. Mtu akarekodi, akaiweka mtandaoni.

Siku ya pili kaka yetu anayekaa Kenmore, karibu na Buffalo, akanipigia. Yeye huutazama mpira huo na wenzake wa kiwandani.

"Mzee umemtaja kwa jina?"

"Kwa jina na kwa duka."

"Bon. Mtoto unamfukuzisha chuo kwa sala."

Chuo kikatuma watu wawili, wapole kabisa, wakaketi sebuleni kwa dada. Nilikuwa nimerudi Columbus, na mpwa naye alikuwepo. Walieleza kwamba jambo kubwa ni moja: je, mchezaji alijua? Kama hakujua, angeonywa tu. Kama alijua, angefungiwa, au hata kuondolewa chuoni.

Nilikuwa nimejiandaa kusema hakujua. Acha niandike hilo pia. Lakini mpwa alinitangulia, kwa Kiingereza chake cha taratibu.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Mama hakuwa anasimama tena kwenye mvua, nikanyamaza."

Dada alitazama zulia. Yule mwanamke wa chuo akaandika, kisha akaweka kalamu chini kwa muda.

Walimfungia msimu mzima, masomo wakamwachia. Sitaki kuilaumu sheria. Nilishawahi kwenda uwanjani nikaona watu wamevaa namba ya mpwa mgongoni, jezi za duka la chuo. Hata mimi nilinunua. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kupata chochote humo. Labda kuna sababu ambayo sijasoma vya kutosha kuielewa.

Ilibaki kurudisha gari. Dada alimuuliza mchungaji kama yafaa kanisa litoke tena. Mchungaji aliwaza, akasema kwa hilo hatuna desturi. Basi tukaliosha, tukalipeleka dukani, sisi wawili.

Mzee alitoka mwenyewe kupokea ufunguo. Kama alitaka kumnunua kijana, au aliona mvua tu, sijui hadi leo. Alisema pole, akauliza dada atarudije nyumbani. Dada akamwambia kwa basi. Halafu akamshukuru, kwa sauti ndogo, wakiwa wao wawili mlangoni. Mimi nilisimama mbali kidogo, sikuongeza neno.