Papa alisalimia, bakamunyima indemnité

Leo heshima ya papa yangu imemuponza.

Papa aliumia mugongo ku kazi, ku kubeba mifuko ya simenti. Leo bakamwita ku bureau juu ya indemnité, ile feza ya kumulipa juu ya kuumia, nikamusindikiza.

Mukubwa wa personnel, chef wa batumikaji bote, akaingia. Kijana tu, sawa miye!

Papa ni muntu ya zamani. Akamusalimia vile balimufundisha ku mugini: akainama, akapiga makofi pole-pole.

Yule kijana akamuangalia secrétaire, karani wake, akacheka:

« Njo huyu mwenye mugongo imekufa? Si unaona anainama muzuri! Andika amepona. »

Akatoka. Hata kugeuka, hapana.

Angegeuka, angeona papa angali ameinama vile vile, jasho inamutiririka. Haikukuwa heshima tena. Mugongo ilikatala kunyooka! Sentinelle, mulinzi wa mulango, njo alikuja tukamuinua, papa analia mbele ya bantu.

Muntu wa kusoma, roho ya jiwe!

Mu taxi nilikuwa namutukana yule kijana. Papa, amelala ku kiti ya nyuma, akaniuliza:

« Mwanangu, ulimuaga chef? »

Balushois, bantu ya muji yetu, mungemujibu nini?