Meneja Aliyetugombanisha

Meneja mpya alikuwa shemeji wa mwenye hoteli. Kabla ya hapo aliuza vipuri vya magari, na sina neno na vipuri. Tabu ni kwamba hakutaka kumuuliza mtu chochote. Hoteli yetu ilikuwa ndogo, juu ya mawe kando ya ziwa, ina ukumbi mmoja wa sherehe. Mimi nilikuwa mapokezi. Alichokiweza yeye ni kutuita ofisini mmoja mmoja.

"Kuna mtu anakusema vibaya humu ndani," aliniambia. "Fungua macho."

Hakumtaja. Tangu siku hiyo sikutulia. Nilifuta kaunta iliyokwisha kung'aa, nikatoka hadi getini, nikarudi. Hata nyumbani Mkolani nilipika na simu mkononi, kwa sababu alitoa amri kwenye kundi la WhatsApp, akazifuta, akatoa nyingine.

Kilichoniuma zaidi ni mpishi wetu, mama mtu mzima kutoka Ukerewe, aliyenilea pale tangu nianze kazi. Asubuhi moja niliingia jikoni.

"Shikamoo, mama."

Aliendelea kupara sato. Nikarudia. Akafungulia maji zaidi. Ikawa hivyo kila siku, nami sikujua nimemkosea nini.

Kisha ikaja Jumamosi ya ukumbi. Wazee wa kanisa walikuwa ndani wameanza semina yao, mara gari la sendoff, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, likafika na maspika. Meneja alikuwa amepokea oda zote mbili mwenyewe, bila kumwambia mtu. Nikampigia, simu imezimwa. Nikakimbilia jikoni.

"Mama, nisaidie. Sendoff tuihamishie bustanini."

"Kamwombe huyo uliyemwambia naiba mafuta ya kupikia."

"Mimi? Nani kasema?"

"Meneja."

"Mama, sijawahi kusema hivyo. Mimi mwenyewe kaniambia kuna mtu ananisema. Nimekonda nikiwaza ni nani."

Alinitazama, kisu mkononi. Kisha akafuta mikono kwenye aproni.

"Twende tukabebe meza," alisema.

Tulibeba meza, tukavibana vitambaa kwa mawe maana upepo wa ziwa ulikuwa unavichukua. Mama wa binti alitufokea, baadaye akacheza.

Jumatatu meneja aliita kikao.

"Nani kafanya uzembe huu?"

Nikajibu, "Oda ulipokea wewe, bosi."

Mpishi akasimama. "Na mimi nataka nijue, mbele ya wote, nani alikwambia naiba mafuta."

Meneja alicheka. "Mmeungana kunihujumu."

Kesho yake nilihamishiwa kufua mashuka. Nilipokwenda kwa mwenye hoteli, alisema, "Vumilia, binti yangu. Yule ni ndugu." Mwisho wa mwezi niliacha kazi. Mpishi alibaki, anasomesha watoto, na sikumlaumu.

Sasa nauza kwenye duka la dawa Buzuruga. Mwenye duka ni mpole, lakini akinyamaza tu nusu saa nahisi kuna kitu nimeharibu, nasimama, napanga upya rafu zilizopangika.

Juzi mpishi alinipigia. Meneja bado yupo, na mapokezi kuna dada mpya.

"Ameshamwita ofisini," alisema. "Alipotoka nilimkalisha jikoni, nikamwambia yote."

"Kaamini?"

"Bado ananiangalia kwa wasiwasi. Lakini chai yangu amekunywa."