Kabati la Seremala na Jiwe la Mkunga

Mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa bila kutetemeka, siku hiyo aliogopeshwa na jiwe. Tusimcheke mapema. Jiwe la kuweka juu ya makabati ya jikoni alilichagua mwenyewe, tena kwa vituko: alikwenda kwa muuza mawe na malimau mkobani, akakamulia kila kipande kilichomvutia, kisha akakalia ndoo iliyopinduliwa kungoja kipi kitaingia doa.

"Mama, unanunua jiwe au unalipika?" muuzaji akauliza.

"Nalichumbia. Likishaingia kwangu halirudi kwao."

Marumaru ikapauka. Graniti nyeusi haikushtuka hata kidogo. Akaichukua.

Kilichomkosesha raha ni makabati ya kulibeba. Yaliundwa na mumewe, seremala mstaafu, walipohamia nyumba ile, na hakuna mgeni aliyewahi kuondoka bila kuonyeshwa jinsi droo zinavyofunga. Mzee wa watu alikuwa amebakiwa na goti bovu, sikio moja la kubahatisha, na makabati. Ukimwambia yamechoka, umemwambia yeye kachoka.

Fundi wa mawe, aliyeitwa Kobe kwa kuwa hakimbizwi na mtu, akafika na wabebaji wanne. Ubao wa juu ulikuwa umeshang'olewa. Akagonga fremu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena.

"Mzee, nani alitengeneza haya?"

"Swali gani hilo? Mimi."

"Kazi nzuri. Ila hapa kwenye sinki, naomba niweke chuma cha kusaidia. Ninacho kwenye gari."

"Chuma! Kabati langu litembee na magongo?"

Kufumba na kufumbua seremala yuko juu ya fremu, anarukaruka.

"Shuka baba, utavunja nyonga!" Mkunga akapaza sauti.

"Kabati limelia? Umelisikia likilia?" seremala akamuuliza fundi.

Lilikuwa limelia. Kila mtu alisikia, isipokuwa lile sikio la kubahatisha. Mkunga akitaka chuma, amemvua mumewe nguo mbele ya wageni. Akinyamaza, kabati likalala chini na jiwe juu yake, basi huyu mwanamume hatainuka tena.

Akanyamaza.

Wabebaji wakaingia na jiwe wakiwa wamelisimamisha kwa ubavu, maana likilazwa vibaya linakatika penye tundu la sinki kama biskuti. Mishipa ya shingo imewatoka.

"Kona! Kona, bwana, siyo kidole changu!"

Mkunga akageuka kumtafuta mumewe, amsihi kwa macho tu. Hayupo. Akainama. Ndani ya kabati la sinki, magoti yamegusa kidevu, mgongo umekaza chini ya ubao wa kati: seremala, anajiandaa kubeba jiwe.

"Simameni hapo hapo!"

Ile sauti hata mtoto aliyegoma kuzaliwa angeitii. Wakasimama.

"Liegemezeni ukutani. Nendeni mkanywe maji, nyote."

Walipotoka, akachuchumaa.

"Unafanya nini humo?"

"Naangalia bawaba."

"Kwa mgongo?"

Seremala akasema kwa sauti ndogo ambayo mkunga hakuwahi kuisikia kinywani mwake: "Ubao wa kati umeoza, mama. Nimeuona leo asubuhi. Ningesemaje mbele ya yule fundi?"

Mkunga akampitisha mikono kwapani, akamtoa taratibu, kichwa kwanza, kama alivyowatoa wengine wengi, akampangusa vumbi la mbao mabegani. Ndipo akaita mlangoni:

"Fundi! Mimi ni mwoga jamani, nitakesha macho. Niwekee hicho chuma."

Kobe hakutikisika. Akamtazama mzee, akangoja ruhusa yake.

Seremala akakohoa, akavuta shati likae sawa.

"Umesikia. Mke wangu mwoga. Weka viwili."

"Kimoja kinatosha, mzee."

"Kwani umemuoa wewe? Viwili!"